Kutafsiri hojaji ya wagonjwa si kugeuza maneno tu

MGONJWA wa bega akiulizwa na daktari iwapo amepata nafuu, aghalabu hujibu: "Kidogo." Jibu hilo halitoshi kuonyesha kama upasuaji umefaulu au la.

Ndiposa mnamo 1996 wataalamu wa mifupa wa Marekani, wakishirikiana na watafiti wa Toronto, Canada, walitoa hojaji iitwayo DASH. Ina maswali 30, mengi yakihusu kazi za kila siku kama vile kuzungusha ufunguo, kuandika na kubeba mfuko wa bidhaa. Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Kadiri alama zinavyopanda, ndivyo mkono ulivyolemaa zaidi.

Hata hivyo, hojaji hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Madaktari wa Korea Kusini, waliochapisha toleo la Kikorea mwaka wa 2008, walihitaji kuthibitisha kwamba lugha ikibadilika, kipimo hubaki kile kile.

Mathalani, hojaji huuliza kuhusu kutandika kitanda. Wapo Wakorea, hasa wazee, waliozoea kulala sakafuni na kukunja matandiko kila asubuhi. Huuliza pia kuhusu kukata chakula kwa kisu, ilhali mezani Wakorea hutumia kijiko na vijiti. Anayejibu kwamba hapati shida huenda hafanyi kazi hiyo kamwe. Alama zake zitashuka huku bega likiendelea kumuuma.

Aidha, lipo swali kuhusu tendo la ndoa, ambalo mgonjwa huweza kuliruka kwa haya. Maswali zaidi ya matatu yakiachwa wazi, alama haziwezi kukokotolewa.

Kwa sababu hiyo, utaratibu unaokubalika hautegemei mtafsiri mmoja. Tafsiri hurudishwa katika Kiingereza na watu wengine, jopo hupatanisha tofauti, kisha wagonjwa hujaribishwa. Baadaye mgonjwa ambaye hali yake haijabadilika hujaza hojaji mara ya pili. Majibu yakitofautiana sana, kasoro imo katika kipimo. Alama hulinganishwa pia na vipimo vingine vya maumivu na afya.

Kazi hiyo yaweza kuonekana kama ya wasomi tu. Lakini alama hizo ndizo huelekeza uamuzi kuhusu matibabu, na kipimo kisichoaminika humwonyesha mgonjwa amepona kabla ya kupona.