Wakili Anapoingia Bungeni

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Msambweni aliniambia majuzi kuwa atasomea sheria ili hatimaye awe mbunge. Nilimwuliza kama amepata kumsikia Chiedo Argwings-Kodhek. Hakumjua, wala darasa zima halikumjua.

Huyo ndiye Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili. Katika miaka ya hali ya hatari, alisimama mahakamani kuwatetea walioshtakiwa kuwa Mau Mau, kesi ambazo nyingi zilikuwa za kitanzi. Mwaka 1957 alishindwa na Tom Mboya katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1963 akawa mbunge wa Gem, kisha waziri, hadi alipofariki Januari 1969.

Habari hii yatuhusu sisi watu wa Kwale. Mackinnon Road, ambako leo wasafiri huzuru msikiti wa Seyyid Baghali Shah, palikuwa na kambi. Mwaka 1954 maelfu waliokamatwa Nairobi walifungiwa huko bila kushtakiwa. Asiyeshtakiwa hana kesi, na pasipo kesi wakili hana pa kusimama. Sheria mbovu dawa yake ni Bunge.

Lakini mwaka 1966 Bunge la Kenya huru, naye akiwa mmoja wa wabunge, lilirejesha kizuizini bila kesi.

Walimu wenzangu, tufundishe yote mawili, ushujaa na doa lile. Kwa mwanafunzi wangu nina swali moja tu: ukishaingia Bungeni, utamkumbuka mfungwa?