Mti wa Munazi na Amri ya Wazee

Mtu wa pwani asikiapo jina la Runazi, kata iliyomo katika wilaya ya Biharamulo, fikira zake humwendea mara moja mnazi wa Mrima na Unguja, wenye makuti na madafu. Lakini nchi ile, iliyoinuka juu ya bahari kwa zaidi ya mita elfu moja, haikuumbiwa mnazi huo, bali ina mti mwingine wa miomboni, ambao jirani zetu wa Burundi huuita umunazi, na Wanyamwezi huuita mbula, na wataalamu wa mimea wameuandika kwa jina la Parinari curatellifolia.

Majani yake kwa upande wa chini yana weupe kama yaliyopitiwa na unga, na tunda lake huanguka kabla halijaiva barabara, likalala ardhini siku kadha wa kadha hata likawa tamu na harufu yake ikaenea kichakani; na ndani ya tunda mna kokwa ngumu mno, ambayo mwenye subira ya kuipasua hupata kiini chenye mafuta mengi, kiliwacho kama korosho. Mti wa namna hii hauhitaji mkwezi wala upembo. Mavuno yake ni kuokota, na kuokota ni kazi ya jamaa wengi, kwa kuwa kilichoanguka chini hakina mwenyewe ila wale waliokwenda pamoja kukitafuta.

Taadhima ya mti huu imevuka mipaka ya nchi. Washona wa Zimbabwe, wauitao muhacha, hufanya chini yake matambiko ya kuomba mvua, na wazee wao huwausia vijana kwamba mtu aingiaye msituni akayatukana matunda ya mwitu, akasema haya ni machachu na haya ni mabovu, atapotezwa njia asiione nyumba yake. Na huko Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao walipotaka mahali pa kuuzika moyo wa bwana wao, msafiri Livingstone, kabla ya kuuchukua mwili wake safari ndefu mpaka Bagamoyo, waliuchagua mti wa jinsi hii.

Wako wasomi wayasikiao hayo wakayaita ushirikina, wakaishia hapo. Mimi naona wamehukumu kwa haraka, maana mtoto aliyefundishwa kuogopa kupotezwa njia hatautikisa mti ili kuangusha matunda mabichi, wala hatachukua zaidi ya haja yake, wala baba yake hatautia shoka mti ambao chini yake huombewa mvua. Na hivyo amri ambayo serikali ingehitaji askari na mishahara kuisimamia ilisimama yenyewe kwa muda mrefu, ikiwa imekaa ndani ya nyoyo za watu. Uganga wa mti ule ulikuwa ni mapatano ya jamii.

Mti wenyewe pia ulijitetea, kwa kuwa ubao wake umechanganyika na chembe ngumu za silika, ambazo huutia ubutu msumeno, na maseremala wakauacha. Mchoma mkaa hana hadhari hiyo, wala mwenye shida kubwa hana. Wilaya jirani ya Ngara inayakumbuka yaliyotokea mwishoni mwa Aprili 1994, pale watu wapatao robo milioni walipovuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa siku moja au mbili, wakikimbia vita vya Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Na kwa kuwa mtu hawezi kupika kwa huruma ya wenyeji peke yake, miti ya vilima vile iliishia mafigani. Siwalaumu wale wakimbizi hata kidogo. Nawalaumu wale ambao, katika siku za amani na shibe, hukata kwa ajili ya gunia la kuuza mjini.

Dawa ya jambo hili si ngeni kwetu. Jirani zetu Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kuifunga sehemu ya malisho ipumzike, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliichukua desturi hiyo ya wazee ukaitia nguvu, hata nchi iliyokuwa ikiitwa jangwa ikarudi kuwa na vichaka na kuni na asali. Fauka ya hayo, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake wa hifadhi na kuutungia sheria ndogo. Kwa nini basi sheria hiyo ndogo isiandikwe kwa maneno ya wazee wenyewe: kwamba mti wa munazi haukatwi, haupigwi fimbo, na tunda lake huokotwa likiwa chini, siku itakayotangazwa, na kijiji chote?

Enyi wajumbe wa halmashauri za vijiji vya Runazi, na nanyi wa Ngara, iandikeni mapema, kabla matunda hayajaanza kuanguka.