Mafua Nayo ni Ugonjwa

Ndugu wafanyakazi,

Katika kazi yetu ya reli, mtu akiangukiwa na taruma mguuni kila mmoja humwonea huruma. Nyapara hutafuta gari, karani huandika kitabuni, na wenzake humpelekea maziwa. Lakini mtu akishikwa na mafua makali, kichwa chamgonga na macho yatoka machozi, huambiwa, "Hayo ni mafua tu, shika sururu." Neno hilo "tu" ndilo nataka tulitazame, kwa maana linatugharimu sana.

Kwetu ni Zombe, mashariki ya Kitui. Reli haifiki huko. Kazi yake twaifuata mbali, na nyumbani twaenda mwisho wa mwezi au wakati wa likizo. Wazee wetu husema mafua yaletwa na baridi ya Julai na vumbi la kiangazi. Ni kweli vumbi huwasha pua, lakini mafua yenyewe huletwa na virusi, navyo ni vya aina zaidi ya 200. Hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa njia ya chafya, kikohozi na mikono. Kwa hiyo mahali pabaya kuliko baridi ni chumba kimoja chenye watu sita, dirisha limefungwa, na kikombe cha maji ni kimoja. Hapo ndipo wengi wetu tunapolala.

Huko Salisbury, Uingereza, madaktari walikuwa na kituo cha kuchunguza mafua toka 1946 hata 1990. Watu wa kujitolea walitiwa virusi puani makusudi, wakatazamwa siku kwa siku. Mengi yalijulikana, lakini kituo kilifungwa na dawa ya kuyaponya mafua haijapatikana. Ikiwa wataalamu hao hawakuipata kwa miaka 44, wewe usidhani utaipata kioskini.

Kinachoponya mafua ni mwili wenyewe. Kwa kawaida huchukua siku saba hata kumi, na siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi. Siku hizo ndizo pia mtu huwaambukiza wenzake kwa urahisi. Basi dawa ya kwanza ni kulala na kupumzika. Kunywa maji mengi, chai ya limau, uji wa wimbi au mchuzi wa moto. Sisi wa Kitui tuna asali yetu: kijiko kimoja hutuliza kikohozi, ila usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, maana yaweza kumdhuru. Koo likiwasha, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Nawa mikono kwa sabuni, kohoa katika kiwiko, fungua dirisha, na kikombe chako kiwe chako peke yako.

Kwa maumivu na homa, parasetamoli yafaa. Mtu mzima asipite vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku moja, usiku na mchana. Tena angalia: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ukizichanganya na vidonge vingine waweza kupita kipimo bila kujua, nalo ini likaharibika. Dawa za kuua bakteria, kama amoksilini, hazigusi virusi vya mafua. Kuzinunua bure ni kutupa mshahara, na kuzitumia ovyo huwafanya bakteria wazizoee, zisitufae siku ya ugonjwa mkubwa.

Sasa nasema jambo la kazi yetu hasa. Baadhi ya vidonge vya mafua, kama vile Piriton, huleta usingizi. Mtu wa ofisini akisinzia, kalamu huanguka. Lakini dereva wa garimoshi akisinzia, au mtu wa ishara, au yule anayeunganisha mabehewa, au mlinzi wa genge anayetazama treni wakati wenzake wameinama na nyundo, kinachoanguka si kalamu. Anayemlazimisha mtu wa namna hiyo kufanya kazi amemeza vidonge anacheza na roho za watu. Na wewe uliyevimeza, mwambie mkubwa wako waziwazi kabla hujashika kazi.

Kadhalika tusidharau dalili za hatari. Kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, makohozi yenye damu, au homa isiyoshuka kwa siku tatu, hayo si ya kukaa nyumbani. Nenda hospitali upesi. Homa yenye kutetemeka yaweza kuwa malaria, basi upimwe damu siku ile ile. Kikohozi kikifika majuma mawili, kapimwe kifua kikuu. Na mtoto mdogo akihema mbio au kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, usingoje asubuhi.

Wengine watasema, "Maneno mazuri, lakini nikilala nyumbani nitakula nini?" Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30. Mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo anayo haki ya likizo ya ugonjwa: siku saba au zaidi kwa mshahara kamili, kisha siku saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Masharti ni mawili. Kwanza, umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, wewe mwenyewe au kwa kumtuma mtu. Pili, uwe na cheti cha ugonjwa. Na cheti hicho si lazima kitoke kwa daktari wa Nairobi. Hata msimamizi wa zahanati anayefanya kazi kwa niaba ya daktari aweza kukitia sahihi. Basi ukishikwa ukiwa nyumbani Zombe, piga simu kazini, nenda zahanati iliyo karibu, upate karatasi yako. Usipande matatu kutwa nzima ukiwapigia abiria chafya ili tu uonekane Jumatatu. Lakini usikae kimya pia, maana kutokuwapo kazini bila ruhusa wala sababu ya halali kwaweza kukufukuzisha kazi.

Vibarua nao wasikilize. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo, siku zake za kazi zikajumlika mwezi mmoja au zaidi, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Na akiendelea miezi miwili, anapata haki kama wenzake. Weka hesabu ya siku zako katika daftari.

Wakubwa hutuambia kwamba tukimpa kila mwenye kamasi siku mbili, kazi itasimama. Nawajibu: mtu mmoja akikaa nyumbani siku mbili, genge limepungua mtu mmoja. Akija na mafua yake, juma lijalo watano wanakohoa, na mmoja wao amempelekea mtoto mchanga nyumbani. Hesabu hiyo hata aliyeishia darasa la saba kama mimi aweza kuifanya.

Lakini jambo moja bado halijakaa sawa. Kumwambia mgonjwa wa mafua apange foleni nusu siku zahanatini, akae kati ya watoto na wazee, apate karatasi tu, ni kueneza ugonjwa. Sheria imeweka kiwango cha chini. Mkataba wa chama na mwajiri waweza kuongeza juu yake. Kwa hiyo naomba matawi yote yalijadili hili: mkataba ujao uruhusu siku mbili za mwanzo za ugonjwa mdogo kwa neno la mfanyakazi, bila cheti, na bila kukatwa mshahara. Atakayedanganya, sisi wenyewe katika genge tutamjua kabla ya nyapara.

Mwenye maoni mengine na aandike. Asiyekubali naye aje katika mkutano wa tawi aseme, mradi asije akikohoa.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Mtu wa Genge, Zombe