Katheta ya moyo: utelezi pekee hautoshi

Leo naweka programu pembeni niongee kuhusu mrija, ila mtaona sijatoka mbali na kazi yetu.

Mshipa wa moyo ukiziba, daktari hupitisha katheta kupitia mshipa wa mkononi au kinenani mpaka kwenye mlango wa mishipa ya moyo. Mara nyingi mrija huo una unene wa milimita 2 tu. Daktari akizungusha upande wake, ncha iliyo karibu mita moja mbele inatakiwa izunguke vilevile. Plastiki tupu ingejisokota kama mpira wa kumwagilia bustani.

Dawa yake ni matabaka. Ndani kuna tefloni, ili waya na puto vipite bila kukwama. Katikati kuna wavu wa nyuzi za chuma kisichoshika kutu, unaobeba mzunguko wa mkono. Nje kuna nailoni au plastiki jamii yake, ngumu huku nyuma na laini kwenye ncha ili isichubue mshipa. Kila tabaka na kazi yake.

Andreas Grüntzig, aliyepanua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza kule Zurich mwaka 1977, alitengenezea maputo yake jikoni kwake. Hakutaka puto la kuvutika ovyo, maana lingepasua mshipa. Alitumia PVC ngumu, ambayo ikifika kipimo chake inagoma kutanuka zaidi. Ukomo ndio uliokuwa sifa yake.

Sisi mafundi tunapenda kusifu kinachoongezeka: wembamba, kasi, utelezi. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba rangi ya utelezi inayopakwa kwenye waya na katheta inaweza kubanduka mwilini, na vipande vyake vikaziba mishipa. Utelezi wenyewe unahitajika, bila huo mrija unakwaruza. Kasoro iko pale tabaka moja linaposhikana na jingine, palepale programu zetu nazo huvunjikia.

Tofauti ni kwamba programu yangu ikianguka nawasha mashine upya. Moyo hauna kitufe hicho. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kifaa kinateleza kiasi gani, tuulize kilijaribiwa vipi kikikunjwa na kusuguliwa, na kilishindwa wapi. Mtengenezaji asiyeweza kujibu hilo, mimi simwamini.

Mnaonaje?