Nani iko na ruhusa ya kusema "simama"?

Mu Goma na hapa Bunagana, ukitaja neno usalama, watu wanafikiri bunduki. Wanataka askari zaidi, doria zaidi, bariere zaidi. Mimi ni mtu wa sendika ya machimbo, na miaka yangu mingi imepita mu mambo ya watu wanaofanya kazi chini ya udongo. Huko kuna jambo moja ambalo wakubwa wa miji hawajalishika bado. Mtu aliye mu shimo haokolewi na silaha iliyo nje ya shimo. Anaokolewa na kapita mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye akiona ukuta umepasuka ama maji yanaingia, anasema "simama, wote watoke", na PDG wa shimo hawezi kumkata mushahara wala kumfukuza kwa neno hilo. Kama kapita huyo hayupo, ama yupo lakini anaogopa, tunazika. Familia za Rubaya zinajua ninasema nini, hasa wakati wa mvua.

Sasa peleka swali hilo mu muji. Nani iko na ruhusa ya kusema simama?

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua MV Merdi ilitoka Minova na kuzama mbele ya bandari ya Kituku, hapo Goma, watu wakiangalia kutoka ukingoni. Ilitengenezwa kwa watu karibu 80. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba ilibeba 278, na hesabu ya kwanza aliyotoa ya waliokufa ilikuwa 78. Ni kweli vita njo ilisukuma watu majini: barabara ya Goma, Sake na Minova ilikatwa na mapigano tangu Februari ya mwaka ule, na maharagwe, ndizi, makala na mama wenye mizigo wote wakapitia ziwani. Lakini Merdi haikupigwa bomu. Ilijaa. Na mashua iliyojaa haihitaji mashine ya kuipima, inaonekana kwa macho ya mtoto. Bandari zetu hazikosi watu wa leta wenye daftari na muhuri. Mufuko wa viazi unahesabiwa kwa sababu utalipiwa. Mutu hahesabiwi.

Wakubwa wanasemaka: "Ngojeni kwanza vita iishe." Mimi ninawajibu kwa mfano wa jirani. Tanzania haikuwa na vita tarehe 20 Septemba 2018, siku kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, mu ziwa Viktoria. Kilikuwa na nafasi ya watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Basi amani peke yake haizuii chombo kilichojaa. Anayekizuia ni mutu, na mutu huyo lazima awe amewekwa.

Kwa volkano ni vilevile. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipofungua ubavu, watu wa Goma waliona anga jekundu na kila familia ikajiamria yenyewe: wengine kuelekea Gisenyi, wengine njia ya Sake, watoto wakapotea njiani. Ofisi ya kuchunguza volkano ya Goma, ile tunaita OVG, ilikuwa imetoka kukaa miezi bila intaneti ya kupokea habari za mashine zake, kwa kukosa franga. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi akatoa amri: kartie 10 kati ya 18 za muji ziondoke. Karibu watu 400 000 wakatoka. Hiyo ilikuwa "simama" ya kweli, na siwezi kuilaumu kwa kutolewa. Lakini waliofika Sake hawakukuta maji ya kutosha, wala hawakujua watarudi lini. Amri ya kusimamisha bila maandalizi nyuma yake inaua imani, na mara ijayo nusu ya watu hawatatoka.

Sisi wa machimbo tulijifunza hiyo kwa uchungu. Ukitoa watu mu shimo siku tatu, bila posho, bila kuwaambia ukuta utatengenezwa lini, siku ya nne wanarudi usiku na tochi. Mutu ana njaa. Hiyo si ukaidi.

Kwa nini basi hatuna watu wa kusimamisha, na tumejaa bariere kila kona? Hapa njo kiini cha maneno yangu. Hapa kwetu "simama" imekuwa bei. Bariere inakusimamisha ili ulipe, na ukilipa unapita: hata kama gari lako halina breki, hata kama moto yako imebeba watu wanne, hata kama bidoni za esansi zimefungwa pamoja na jiko. Mimi nimeona mu chimbo moja, jina naliacha, agent wa huduma fulani ya leta aliyekuja kukagua miti ya kushikilia shimo. Hakuinama hata kidogo kuangalia ndani. Aliuliza shimo linatoa mifuko mingapi kwa siku. Kazi ya kukagua na kazi ya kukusanya zilikuwa mu mukono mumoja, na mukono huo ulijua upande gani unalisha.

Kama serikali ya muji inataka kuanza mahali pamoja tu, ianze hapo: anayesimamisha asiwe anayekusanya. Mutu wa bandari mwenye ruhusa ya kukataza mashua isiondoke asiguse hata franga moja ya tikiti wala ya kodi. Alipwe mushahara na muji. Jina lake na nambari yake ya simu viandikwe ku mbao kubwa pale watu wanapopandia, pamoja na idadi ya watu ambayo mashua inaruhusiwa. Abiria wa 81 aone mwenyewe kwamba yeye ni wa 81. Na akipigiwa simu na mukubwa wa juu aachilie chombo, amri hiyo iandikwe mu daftari na jina la mukubwa. Utaona simu zitapunguka.

Hiyo haidai sheria mpya. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi inawapa viongozi wa chini mambo ya karibu na maisha yetu: barabara za ndani, mitaro, taa, masoko. Kilichopotea ni yule wa kuwajibika. Tangu 6 Mei 2021, ilipoingia hali ya dharura mu Kivu ya Kaskazini na Ituri, wakubwa wa kiraia waliondolewa, nafasi zao zikachukuliwa na wanajeshi na mapolisi. Mukubwa wa namna hiyo anaangalia juu, kwa yule aliyemuweka. Halafu usiku wa kuamkia 27 Januari 2025, muji ukianguka, wafungwa kwa maelfu wakatoka gereza la Munzenze, wanawake waliofungwa mule wakabakwa na wengi wakafa mu moto. Bunduki zilitupwa mu mitaa, na hazikupotea. Nyingine njo zinagonga milango usiku. Leo Goma iko na gavana aliyewekwa na AFC/M23, na Kinshasa iko na gavana wake anayefanyia kazi Beni. Hapa Bunagana tulitangulia: M23 iko hapa tangu 13 Juni 2022.

Sitaingia mu kesi ya nani ana haki ya kutawala. Mimi ni mtu wa sendika, na sendika inaanzaka na swali fupi: nani analipisha? Anayekusanya njo anayedaiwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwisho wa 2024 kwamba kodi ya koltani ya Rubaya ilikuwa inawaingizia M23 karibu dola 800 000 kwa mwezi. Na mbele yao, Kodi ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 ilisema wazi kwamba mu redevansi ya kampuni, asilimia 15 iende kwa komini, sekta ama sheferi ambamo madini yanatoka. Wasomaji wa Masisi, niambieni taa moja, mutaro mumoja, gari moja la kubeba wagonjwa ambalo mlionyeshwa na kuambiwa: hii imetoka mu ile 15. Kila utawala umepita na daftari yake, na giza ya barabara imebaki ileile.

Niseme kidogo juu ya Bunagana yenyewe, kwa sababu Goma inaongelewa kila siku na sisi tunakumbukwa tu wakati wa risasi. Mupaka huu unalisha watu wengi: wabeba mizigo, wabadilisha franga, motari, mama wa chakula, madereva wanaolala ndani ya makamio. Kila familia inayokimbia ama inayorudi inaongeza kibanda cha mbao. Kadhafi wanauza esansi mu bidoni karibu na makaa ya mahindi. Sitaki wafukuzwe, wanalisha watoto kwa hiyo. Nataka wapewe mahali pao, mbali na mbao, na mapipa ya muchanga na maji pembeni, na mutu mumoja mwenye ruhusa ya kusema bidoni hii haikai hapa. Wazee wa Goma wanakumbuka Januari 2002, lava ilipopita katikati ya muji: makumi ya watu hawakuuawa na lava yenyewe, walikufa kituo cha esansi kilipolipuka wakiwa wanachota. Makamio nayo yasilale katikati ya njia, kwa sababu siku moto utakapowaka hakuna gari litakalopita.

Taa ni jambo la pili, na hapo sina maneno mengi. Mama anayetoka soko saa moja ya jioni anajua kona gani anaporwa, na kona hiyo haina taa.

Na usiku? Watu wananiuliza, vijana wa kartie wapewe marungu wazunguke? Mimi nakataa. Tumeona mwizi anachomwa moto na kesho tunajua hakuwa mwizi. Nyumba kumi iko, na inaweza kusaidia, lakini leo watu wengi wanamuogopa nyumba kumi kama jicho la mukubwa. Anaandika nani amelala kwako, haandiki mutaro umeziba. Hapo kuna mfano mu sheria yetu ya kazi, ile ya 16 Oktoba 2002. Inadai kampuni iwe na kamati ya usalama, usafi na mapambo ya mahali pa kazi (ndiyo, mapambo pia, na nimeona kampuni zinazoanza na maua). Ndani yake wanakaa wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi, pamoja na bwana wa kazi. Hawabebi silaha wala kutoza faini. Wanatembea, wanaangalia, wanaandika, na bwana wa kazi lazima ajibu. Mahali ambapo wajumbe walikuwa wa kweli, si marafiki wa bwana, nimeona mambo yanatengenezwa kwa juma moja ambayo barua za mwaka muzima hazikuyafanya.

Kila kartie inaweza kuwa na kamati kama hiyo, mama wa soko ndani, motari ndani, muchimbaji ndani, hata mulimu. Wachaguliwe mbele ya watu, kila mwezi wasome mbele ya watu kile walichoandika, na mukubwa wa muji, awe nani, ajibu mbele ya watu hao hao: hii nitafanya, hii siwezi, franga za bariere za mwezi huu zilikuwa kadha. Najua atakayesimama kuuliza franga ziko wapi anaweza kulala pabaya. Kwa hiyo asisimame peke yake. Mu machimbo hatukumtuma kamwe mutu mumoja kwa PDG, tulikwenda kumi na wawili, na aliyesema alikuwa katikati.

Mvua za Septemba hazingoji mazungumzo ya wakubwa. Jumamosi, mukitoka ku salongo, muulizeni shefu wa avenue swali moja tu: kama mashua imejaa, kama ukuta wa shimo umepasuka, kama bidoni zimewekwa karibu na jiko la mama fulani, nimpigie nani? Akitoa jina, liandikeni ku mulango. Akikosa jina, liandikeni hilo pia, na tarehe.