Mama Tembo na vazi la kuazima



Ndugu wasomaji, wako watakaouliza ukurasa wa Ijumaa unatafuta nini katika sinema. Tunajibu kwamba sinema iliingia majumbani mwetu bila kubisha hodi, na kila siku inatoa ushahidi juu ya watu ambao mtazamaji hatakutana nao maishani mwake. Mtume (S.A.W.) aliihesabu shahada ya uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Ushahidi huo hautolewi kwa ulimi peke yake; vazi nalo husema. Leo tunamtazama mwigizaji mmoja aliyewahi kufika huku kaskazini.

Mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961, mwongozaji wa Kimarekani Howard Hawks alileta kundi lake Tanganyika kupiga filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Kambi ilikuwa Momella, karibu na Mlima Meru, na magari ya kukimbiza wanyama yalizunguka mbuga za kaskazini hadi Ngorongoro. Mwanamume mkuu alikuwa John Wayne. Mwanamke mkuu alikuwa Elsa Martinelli, Mtaliano aliyeonyesha mitindo ya nguo kabla ya kuwa mwigizaji.

Mavazi aliyovishwa katika kazi yake ndiyo yanayotushughulisha. Filamu yake ya kwanza ya Kimarekani, The Indian Fighter ya mwaka 1955, ilimfanya Onahti, binti wa chifu wa Wasioux, wenyeji wa asili wa Marekani, katika karne ya 19. Mwaka 1960, katika Le Capitan, alivaa gauni la mwanamke wa ukoo bora katika Ufaransa ya Mfalme Louis XIII. Mwaka 1965 akaonekana katika filamu ya safari za Marco Polo, mjeledi mkononi. Katikati ya mavazi hayo ndipo likaja la kwetu. Hatari! si filamu ya mambo ya kale; humo Martinelli ni mpiga picha wa zama zake, aliye na kamera begani. Lakini mpiga picha huyo alilea ndama wa tembo, Waarusha wakamwita Mama Tembo, kisha akapakwa rangi nyeusi mwilini na kuvishwa mapambo yao, na jambo hilo likafanywa la kuchekesha.

Hapo ndipo tunapopinga. Suratul Hujurat, aya ya 11, inawakataza watu kuwadharau watu wengine, na ikawataja wanawake mahususi, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora mbele ya Mola. Rangi ya ngozi ya mtu si vazi la kuvaliwa asubuhi na kuoshwa jioni. Onahti, japokuwa uso haukuwa wa Kisioux, alipewa jina na maneno ya kusema. Wenyeji wa Hatari! wamo kama miti ya mandhari. Hakuna hata mmoja anayeibeba hadithi.

Hatumlaumu bibi yule peke yake. Aliajiriwa, mchezo ulikuwa wa wengine, na wale ndama walimfuata kwelikweli. Alifariki mjini Roma mwaka 2017, na hesabu yake iko kwa Mola wake.

Wala hatusemi kwamba kuigiza watu wa kale hakuwezekani kwa heshima. Wengi wetu tumeiona The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976. Sura ya Mtume (S.A.W.) haionekani wala sauti yake haisikiki. Akkad aliipiga mara mbili: kwa Kiingereza, ambamo Hind bint Utba aliigizwa na Mgiriki Irene Papas, na kwa Kiarabu, ambamo aliigizwa na Msyria Muna Wassef. Angeweza kutia sauti za Kiarabu juu ya midomo ya wageni na kuokoa fedha nyingi. Aliona Waarabu wanastahili kujieleza kwa nyuso zao. (Kwa kupita tu: vijana wanaomlaani Hind baada ya kuitazama wakumbuke kwamba alisilimu ulipofunguliwa mji wa Makka, mwaka wa 8 Hijria.)

Turudi Ngorongoro. Kamera za Hawks zilifika muda mfupi baada ya mwaka 1959, Wamasai walipoondolewa Serengeti na Hifadhi ya Ngorongoro kuanzishwa, wakiruhusiwa kuishi humo na mifugo yao. Mtazamaji wa filamu ile hawezi kulijua hilo; anaona nchi ya vifaru na twiga, na wazungu wanaoifahamu. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na Agosti 2024 wakazi waliobaki walijitokeza barabarani kulalamika. Shauri hilo ni pana kuliko ukurasa huu. Ila tunaamini kwamba aliyezoea kuiona nchi bila watu wake hushangaa siku watu hao wanaposema.

Na Karatu? Ni mji wa mwisho kabla ya lango la Lodoare, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw. Upande wa Ziwa Eyasi wako Wadatoga na Wahadzabe. Lakini mgeni amekwisha kufundishwa na picha kwamba Mwafrika wa huku ni shuka jekundu, basi maduka ya barabarani humtundikia shuka jekundu. Sketi za ngozi zenye shanga, walizoshona wanawake wa Kiiraqw, zimebaki kwenye makumbusho na kwa wachache.

Kamera bado zinakuja, na mabinti wetu huitwa kuvaa na kucheza mbele yake. Wazazi na viongozi wa vikundi vya utamaduni waulize kabla haijawashwa: vazi hili ni la nani, linavaliwa lini, binti atasitirika vipi, atasema nini, kwa lugha gani, atalipwa kiasi gani, na jina lake litaandikwa wapi. Majibu hayo yawekwe katika mkataba wa Kiswahili, na nakala moja ibaki kijijini.