Hiyo Siyo Cadillac Tu

Kila inapojadiliwa filamu ya zamani ya Kimarekani ambamo linapita gari la maiti, mhakiki huandika "Cadillac nyeusi" kisha huyoo, keshaondoka. Mtu huyohuyo atakutajia aina ya lenzi na jina la aliyeshona suti. Lakini gari lililobeba jeneza eti halina fundi. Jamani, tumechoka.

Tuanze na Ghostbusters ya 1984, maana gari lile hata mtoto analijua. Ray Stantz anafika nalo, anaorodhesha vitu vya kutengeneza, na anapoulizwa bei anataja dola 4,800. Ni Cadillac ya 1959, sawa. Ila bodi yake haikuundwa na Cadillac. Wao waliuza chesisi ndefu, ngumu kuliko ya gari la kawaida, pamoja na injini na sura ya mbele. Bodi ikaundwa na Miller-Meteor wa Piqua, Ohio. Msomaji wa Nairobi au Dar hahitaji mhadhara hapa. Anajua basi linaweza kuandikwa Scania na bodi ikaundwa kwingine kabisa, na ubishi wa stendi mara nyingi ni wa bodi.

Yale mapezi marefu na taa nyekundu mbilimbili zilizochongoka kama risasi yanakutajia mwaka tu. Superior wa Lima, Ohio hiyohiyo, naye alifunga mapezi hayohayo. Ukitaka kumjua fundi, tazama paa, madirisha, na nguzo za nyuma. Ukikuta ubavu wa nyuma hauna kioo, umepachikwa chuma kilichopinda kama herufi S, hilo ni pambo lililorithiwa kutoka magari ya farasi yenye paa la kukunjwa.

Mtasema hayo ni mambo ya gereji. Haya. Watu wamebishana miaka nenda rudi kama gari la Ray ni ambulensi au la maiti, kana kwamba lazima liwe kimoja. Waunda bodi hawa waliuza pia magari ya kazi zote mbili, kwa sababu katika miji mingi midogo ya Marekani mwenye biashara ya mazishi ndiye aliyekuwa pia na huduma ya ambulensi. Roli za kutelezeshea jeneza zilipinduliwa, sakafu ikawa bapa, machela ikaingia. Asubuhi linakukimbiza hospitali, jioni linakupeleka kaburini, na dereva ni yuleyule! Filamu inahusu watu wanaojipatia riziki mpakani mwa wazima na wafu. Aliyeandika "Cadillac" akaishia hapo amepitwa na mzaha mtamu kuliko yote.

Wenye orodha nao wasinicheke. Kuandika "Superior, 1959" chini ya picha ya Harold and Maude na kuondoka ni uvivu uleule, umevaa miwani tu. Katika filamu hiyo ya Hal Ashby ya 1971, kijana Harold anahudhuria mazishi ya watu asiowajua, na gari lake ni la maiti. Mama yake analiondosha, anampa Jaguar E-Type. Harold anachukua mashine ya kuchomelea na kuigeuza Jaguar kuwa gari la maiti. Kila mtu anacheka, mimi pia. Lakini angalia: lile la kwanza lilikuwa kazi ya kiwanda cha watu wazima, huzuni iliyoundwa tayari. La pili kalichomelea mwenyewe, kwa mikono ambayo hadi hapo ilikuwa ikitengeneza vifo vya kuigiza vya kumtisha mama. Harold amekuwa muunda bodi. Kwa hiyo gari linapotumbukia kutoka kwenye jabali mwishoni, kinachovunjika ni kazi ya mikono yake. Ingekuwa ile Superior, tungeona ajali tu.

Ukikutana tena na gari la namna hiyo kwenye filamu, sitisha picha pale mlango wa nyuma unapofunguliwa, uangalie sakafu: roli zipo juu, au zimepinduliwa?